Jinsi ya kupima kugeuka kwa vipande vya ganda la dunia kwa sumaku iliyomo miambani

Kipande cha ganda la dunia chenye upana wa makumi ya kilomita kinaweza kugeuka taratibu kwa mamilioni ya miaka, kama meza inayozungushwa juu ya mguu mmoja, na jicho lisione kitu. Matabaka yanabaki na mfuatano wake, mabonde yanabaki mabonde. Shahidi ni chembe ndogo za oksidi za chuma zilizomo ndani ya mwamba. Lava ilipopoa, au tope lilipotua chini ya maji, chembe hizo zilijipanga kufuata uga wa sumaku wa dunia wa wakati ule, zikaganda hivyo. Kipande kikigeuka baadaye, mishale hiyo midogo inageuka nacho.

Hesabu ya mwisho ni ya kutoa tu: mwelekeo uliopimwa toa mwelekeo uliotarajiwa. Ugumu uko kwingine. Yapo mambo mengi yanayoweza kuupindisha mshale wa mwamba, au kumfanya mpimaji adhani umepinda: dira iliyovutwa na basalti (mwamba mweusi wa lava), radi iliyopiga kilele, mkunjo ulionyooshwa kwa njia ya mkato, lava tano zilizomwagika ndani ya karne moja. Karibu kila hatua hapa chini ipo ili kuondoa mojawapo ya hayo.

Pembe mbili zinazobeba kazi yote

Mkengeuko (D) ni pembe kati ya kaskazini ya kweli na mshale ukitazamwa kutoka juu, ikihesabiwa kufuata mshale wa saa. Mwinamo (I) ni pembe ambayo mshale unazama chini ya usawa. Ukichukua wastani wa uga wa dunia kwa miaka elfu kumi au zaidi, unafanana na sumaku moja iliyosimama katikati ya dunia sambamba na mhimili wake. Hapo mkengeuko wa wastani ni sifuri, na mwinamo unategemea latitudo (λ) peke yake:

tan I = 2 tan λ

Kwenye ikweta mwinamo ni 0, kwenye latitudo 30 ni nyuzi 49, kwenye ncha ni 90. Kwa hiyo mwinamo unaeleza kipande kimesafiri umbali gani kuelekea kaskazini au kusini, na mkengeuko unaeleza kimegeuka kiasi gani. Hapa kuna nafuu kubwa: tope linapobanwa na uzito wa matabaka ya juu, mishale hulala na mwinamo hupungua, lakini mkengeuko haubadiliki. Mawe mchanga yasiyofaa kabisa kwa kupima latitudo ya kale bado yanafaa kwa kupima mzunguko.

Kuchagua miamba na idadi ya vituo

Mtiririko mmoja wa lava hupoa ndani ya siku au miaka michache. Ni picha moja ya uga wa siku moja, na uga wa siku moja unaweza kuwa umeyumba nyuzi 15 au 20 kutoka kwenye wastani wake. Ukichoronga sampuli kumi kwenye mtiririko huo, unapunguza makosa ya mkono na ya kipimo tu. Kuyumba kwa uga kunabaki palepale. Kwa hiyo hesabu kura kwa mitiririko, usihesabu kwa sampuli. Mitiririko 10 tofauti ni kiwango cha chini cha kuanzia mazungumzo. 20 au 30 ni kazi ya kuaminika. Kila mtiririko, yaani kila kituo, uwe na sampuli 6 hadi 10, zilizotawanywa kwenye mita kadhaa za mwamba.

Kwa miamba ya mashapo, tawanya sampuli kwenda juu kupitia matabaka mengi, ili kila kituo kibebe maelfu ya miaka. Mashapo mekundu ya chembe laini na mawe ya chokaa yasiyooza ni chaguo zuri. Kokoto na mchanga mkubwa uache, kwa sababu chembe nzito hupangwa na mkondo wa maji kabla uga haujazigusa.

Mambo mawili yakague kabla ya kuwasha mashine. Kwanza, je, kuna tabaka linaloonyesha usawa wa kale? Bila hilo huwezi kurudisha mwamba jinsi ulivyolala. Mwamba uliopenya kwa wima kama ukuta hauna alama hiyo, na ni kishawishi cha hatari kwa sababu mara nyingi ndio mwamba mgumu na mzuri kuliko yote eneo zima. Pili, pitisha dira taratibu sentimita chache juu ya uso wa mwamba. Sindano ikirukaruka kutoka hatua moja hadi nyingine, radi imepita hapo. Ondoka kileleni, tafuta ukuta wa korongo au bonde lililokatwa na mto.

Kuchoronga na kuweka mwelekeo

Mashine ya kawaida ni injini ndogo ya petroli ya aina ya msumeno wa miti, yenye bomba la kuchorongea lenye meno ya almasi, linalotoa mcheduara wa kipenyo cha milimita 25. Tangi la maji lenye pampu ya mkono hupoza bomba na kutoa unga. Usiache maji yakatike hata kwa sekunde chache: almasi hupoteza makali, na joto linaweza kuharibu hicho unachokitafuta. Choronga kina cha sentimita 6 hadi 10. Sehemu ya juu iliyooza itatupwa.

Sasa inakuja dakika inayoamua thamani ya sampuli. Mcheduara bado umeshika mwamba kwa chini, usiuvunje. Ingiza bomba la kuelekezea, lile la shaba lenye mwanya mrefu ubavuni na jukwaa dogo juu yake. Lizungushe hadi mwanya uwe juu kabisa na jukwaa liwe sawa kwa kipimo cha maji. Soma pembe ambayo tundu linazama, kisha azimuthi ya mhimili wa tundu, yaani pembe yake kutoka kaskazini. Pitisha waya wa shaba ndani ya mwanya na ukwaruze mstari mmoja mrefu juu ya mcheduara. Toa bomba, vunja mcheduara kwa tindo isiyo ya chuma, na papo hapo rudia mstari kwa kalamu isiyofutika ukiuwekea vishale vinavyoelekea ndani ya mwamba. Andika namba kwenye jiwe kabla halijaingia mfukoni.

Kishale kikichorwa kuelekea nje badala ya ndani, sampuli itaonekana kama imepindua kila kitu, na kwenye maabara mtu atafikiri amegundua kugeuka kwa ncha za sumaku za dunia, kaskazini kuwa kusini. Kituo chenye sampuli saba zinazokubaliana na moja iliyo kinyume karibu nyuzi 180 mara nyingi ni kosa la kalamu. Chagua mtindo mmoja wa vishale, uandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na kila mchorongaji aufuate.

Juu ya basalti usiiamini dira ya sumaku peke yake. Tumia dira ya jua: kijiti kilichosimama wima juu ya jukwaa hutupa kivuli kwenye duara la nyuzi, unaandika pembe ya kivuli, latitudo, longitudo, tarehe na saa, na hesabu inakupa kaskazini ya kweli. Saa iandikwe kwa UTC (saa ya kimataifa) na kwa mfumo wa saa 24, kwa sababu programu haijui kama «saa mbili» ni ya asubuhi au ya mchana. Fanya kazi kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa tisa alasiri. Jua likiwa karibu na utosi kivuli ni kifupi na azimuthi yake hubadilika kwa kasi, kiasi kwamba dakika moja ya kuchelewa inaweza kuwa kosa la nyuzi kadhaa. Siku za mawingu, pima azimuthi ya kilele cha mbali ambacho nafasi yake inajulikana kwenye ramani, au inua dira mita moja au mbili kutoka mwambani. Palipotumika dira ya sumaku, kumbuka kusahihisha mkengeuko wa leo wa eneo hilo.

Ukifanya haya yote kwa uangalifu, kosa la mwelekeo kwa sampuli moja ni nyuzi 2 hadi 3. Hilo linakubalika, kwa sababu linajifuta kwenye wastani wa sampuli nyingi.

Pima pia tabaka, si mara moja bali mara tano au zaidi kwa kila kituo: uelekeo wa mstari wake wa usawa na mteremko wake. Lava huweza kumwagika juu ya mlima ulioinama nyuzi chache tangu mwanzo, hivyo tafuta mashapo yaliyo katikati ya mitiririko na upime hayo.

Kuvua usumaku, ganda baada ya ganda

Kata kila mcheduara uwe vipande vya urefu wa milimita 22. Uwiano huo wa urefu na kipenyo hufanya kipande kitende karibu kama tufe, ili umbo lake lisiathiri kipimo. Viweke ndani ya kasha la kukinga uga kwa siku kadhaa. Usumaku dhaifu uliopatikana njiani na stoo hufifia wenyewe.

Usumaku wa asili ni mchanganyiko. Chini kuna ule wa kuzaliwa kwa mwamba, na juu yake umebandikwa wa uga wa leo, wa kutu, wa radi, wa joto la kuzikwa. Unavuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni joto: pasha, poza ndani ya tanuri lisilo na uga, pima, pasha tena juu zaidi. Hatua zinazofaa ni 100, 200, 300, 350, 400, 450, 500, 520, 540, 560 na 580 za Selsiasi; palipo na hemataiti endelea 600, 630, 650, 665 na 680. Joto ambapo usumaku unakufa linakutajia madini: getaiti karibu 120, pairotaiti karibu 320, magnetaiti 580, hemataiti karibu 675. Njia ya pili ni uga wa mkondo geu, kuanzia militesla 2, 5, 10, 15, 20, 30, 40, 60, 80 hadi 100. Hii ni ya haraka, inafaa kwa basalti, na ndiyo bora ya kuondoa alama ya radi, lakini hemataiti haiguswi nayo.

Anza na sampuli kumi za majaribio: kipande kimoja cha mcheduara kwenye joto, pacha wake kwenye mkondo geu. Zikitoa mwelekeo mmoja, endelea na njia iliyo rahisi. Zikitofautiana, madini mawili tofauti yanabeba historia mbili tofauti, na itabidi ujue ipi ni ipi kabla ya kugusa sampuli nyingine.

Kuna mitego miwili. Mashapo yenye pairaiti au udongo mwingi yakipita nyuzi 350 au 400 huanza kuunda magnetaiti mpya ndani ya tanuri, na usumaku unapanda badala ya kushuka. Pima uwezo wa kusumakika baada ya kila hatua. Ukiruka ghafla, data za juu ya hapo zisitumike. Na kwenye mkondo geu, mashapo yenye griigaiti (sulfidi ya chuma yenye sumaku) hupata usumaku wa uongo kuanzia karibu militesla 40. Mishale yote huanza kukimbilia upande mmoja wa kifaa. Hapo rudi kwenye joto.

Kusoma mchoro wa Zijderveld

Mchoro huu huweka ncha ya mshale mara mbili kwa kila hatua: nukta zilizojazwa kwa mlalo, nukta tupu kwa wima. Sehemu iliyonyooka ni usumaku mmoja unaovuliwa. Mahali mstari unapokunja kona, mmoja umekwisha na mwingine umeanza. Unachokitafuta ni mstari wa mwisho unaonyooka hadi kwenye sifuri. Tuseme kuanzia 100 hadi 300 nukta zinashuka kuelekea kaskazini kwa mwinamo wa uga wa leo, kisha kwenye 350 zinakata kona na kwenda moja kwa moja sifuri kutoka kusini-mashariki, mshale ukiinama kuelekea juu badala ya chini. Kipande hicho kimebeba ganda la leo juu ya mwelekeo wa kale wa kinyume, na ni aina ya mchoro unaofurahisha kuuona.

Pitisha mstari kwa uchambuzi wa mihimili mikuu, mbinu ya Kirschvink ya 1980, ukitumia hatua zisizopungua 4 mfululizo. Pembe ya juu kabisa ya mtawanyiko izidi nyuzi 10 kwa nadra, na 15 iwe kikomo. Mstari ukiwa umepinda muda wote, magamba mawili yanavuliwa kwa pamoja. Usilazimishe mstari, tumia duara kuu ulilopitia mshale na uliunganishe na mistari ya jirani zake.

Wastani wa kituo unapatikana kwa takwimu za Fisher: k kueleza mkusanyiko, α95 kueleza koni ya kutokuwa na uhakika. Ndani ya mtiririko mmoja wa lava, k chini ya 50 au α95 juu ya nyuzi 10 ni sababu ya kukikagua kituo upya. Lakini kati ya kituo na kituo, geuza fikra: hapo mtawanyiko fulani ni dalili njema. Lava kumi zenye mwelekeo unaofanana mno, k ikiwa mamia, zilimwagika kwa haraka, na wastani wake ni wastani wa siku chache za uga.

Kurudisha matabaka usawa bila kuzalisha mzunguko wa uongo

Kwa kawaida tabaka hulazwa kwa kulizungusha juu ya mstari wake wa usawa. Ni sahihi pale tu mhimili wa mkunjo wenyewe ulipolala usawa. Mhimili ukiwa umezama, njia hiyo ya mkato inaongeza mkengeuko ambao haukuwahi kuwepo. Chukua mkunjo ambao mhimili wake umezama nyuzi 30 kaskazini na mbawa zake zilikunjwa nyuzi 60. Ukilaza tabaka moja kwa moja, ubawa wa mashariki unatoa mzunguko wa uongo wa karibu nyuzi 18 kufuata saa, na wa magharibi nyuzi 18 kinyume chake. Dawa yake ni kuinua mhimili kwanza hadi uwe usawa, ndipo ulaze mbawa. Ukiona mbawa mbili za mkunjo mmoja «zimegeuka» kwa alama zinazopingana, shuku hesabu kabla ya kushuku dunia.

Kulaza matabaka pia kunatoa jaribio lenye nguvu kuliko yote. Mishale ya mbawa mbili ikikusanyika vizuri zaidi baada ya kulazwa, usumaku una umri mkubwa kuliko mkunjo. Ikikusanyika zaidi kabla ya kulazwa, mwamba ulisumakishwa upya baadaye. Mawe ya chokaa ya milima ya Appalachia huko Marekani yalidanganya watu kwa njia hii: mengi yalisumakishwa upya mwishoni mwa enzi ya Paleozoiki, muda mrefu baada ya kuundwa. Jaribio la pili ni la ncha: mielekeo ya kawaida na ya kinyume itofautiane nyuzi 180. Ikipungukiwa, ganda la juu halijavuliwa lote.

Hesabu yenyewe

Mwelekeo uliotarajiwa hutoka kwenye ncha ya sumaku ya bara lililo imara (mahali ncha ya kale inapoonekana kuwa kwa miamba ya bara hilo), ya umri uleule na miamba yako. Tuseme kwa zoezi kituo kiko latitudo 35 kaskazini, longitudo 240 mashariki, na ncha ya rejea iko 84 kaskazini, 165 mashariki, yenye A95 (koni ya kutokuwa na uhakika ya ncha hiyo) ya nyuzi 3. Umbali p kutoka kituo hadi ncha:

cos p = sin 84 · sin 35 + cos 84 · cos 35 · cos(165 − 240) = 0.593, hivyo p = nyuzi 53.7

Mkengeuko uliotarajiwa: sin De = cos 84 · sin(165 − 240) / sin p, hivyo De = −7.2. Kosa lake: sin ΔDe = sin 3 / sin p, sawa na nyuzi 3.7. Mwinamo uliotarajiwa ni 55.8.

Sasa miamba yako imetoa D = 61, I = 52, α95 = 6. Kosa la mkengeuko: sin ΔDo = sin 6 / cos 52, sawa na nyuzi 9.8. Mzunguko ni R = 61 − (−7.2) = 68.2, na kosa lake

ΔR = 0.8 × √(9.8² + 3.7²) = 8.4

Kipande kimegeuka nyuzi 68 ± 8 kufuata mshale wa saa. Mwinamo umepungua 3.8 tu, ndani ya kosa lake la nyuzi 5.3, kwa hiyo hakuna ushahidi wa safari ya kwenda kaskazini au kusini. Angalia jinsi cos I ilivyo kwenye kigawanyo: α95 ileile ya 6, mwinamo ukiwa 70, ingetoa kosa la nyuzi 17.8. Kadiri miamba ilivyoundwa karibu na ncha, ndivyo inavyohitajika sampuli nyingi zaidi kwa jibu lilelile.

Karibu na ikweta shida ni nyingine. Mwinamo ukiwa karibu na sifuri huwezi kutambua kama uga ulikuwa wa kawaida au wa kinyume, hivyo mkengeuko wa 120 unaweza kuwa mzunguko wa 120 kufuata saa, au wa 60 kinyume chake. Umri wa mwamba ukilinganishwa na kalenda ya kugeuka kwa ncha ndio unaomaliza ubishi.

Kipande ni kipi, na kiligeuka lini

Namba ya kituo kimoja haielezi mlima mzima. Weka vituo vitatu au zaidi ndani ya kila eneo lililozungukwa na nyufa kuu, kisha linganisha. Vikikubaliana, kipande kiligeuka kwa pamoja. Vikipishana kuliko makosa yake yanavyoruhusu, eneo limevunjika vipande vidogo, kila kimoja kikigeuka kivyake kati ya nyufa. Kwenye mlolongo wa milima uliopinda kama upinde, chora mkengeuko dhidi ya uelekeo wa mlima: mstari wenye mwinuko wa 1 unasema mlima ulikuwa umenyooka kisha ukapindwa, mwinuko wa 0 unasema ulizaliwa umepinda.

Wakati wa kugeuka unapatikana kwa kuchoronga miamba ya umri tofauti ndani ya kipande kimoja. Kwenye Western Transverse Ranges za California, miamba ya mwanzo wa kipindi cha Miosini imegeuka takribani nyuzi 90 kufuata saa na kadiri miamba ilivyo michanga, ndivyo ilivyogeuka kwa kiasi kidogo zaidi, ishara ya mwendo uliodumu kadiri ufa wa mpaka wa mabamba ulivyoburuta kipande hicho. Rasi ya Iberia ilifungua Ghuba ya Biscay kwa kugeuka karibu nyuzi 35 kinyume cha saa katika kipindi cha Kretasia. Kusini-magharibi mwa Japani kuligeuka kufuata saa Bahari ya Japani ilipokuwa ikifunguka, yapata miaka milioni 15 iliyopita. Katika kazi yako mwenyewe, tafuta tabaka kongwe kabisa ambalo halijageuka na tabaka changa kabisa lililo chini yake ambalo limegeuka: mwendo uliisha kati ya umri wa hayo mawili, na hapo ndipo sampuli za safari ya pili ziende.